Mjomba Nijibu: Tiketi ya jimbo lingine, ya miaka ile, imenifuata mpaka huku

Mwezi huu barua zimekuwa za aina moja tu, tiketi za zamani za makosa ya barabarani. Nadhani ni hii REAL ID, ile leseni ya viwango vya serikali kuu, tangu Mei 2025 walipoanza kuidai viwanja vya ndege watu wamekumbuka kwenda kubadilisha leseni, wakifika dirishani wanaambiwa jina lako lina kitu huko New York, lina kitu huko Georgia, na mtu anabaki mdomo wazi maana huko alishahama zamani hata sura ya barabara kaisahau. Basi leo nimeziweka pamoja. Niseme mapema, mimi si wakili. Nimeendesha malori Marekani hii miaka mingi, nimewahi kuiacha tiketi yangu ikaoza, halafu nikawasindikiza watu mahakamani kuwatafsiria, humo ndimo nilimojifunza. Pale panapohitaji wakili nitasema.

*

Shikamoo Mjomba. Mwaka 2015 tulikuwa tunaishi Buffalo, New York. Siku moja natoka Rochester nikasimamishwa kwenye kamji kadogo, spidi, nikapewa karatasi. Mwezi uleule tukahamia Columbus, Ohio, karatasi sikuiona tena mpaka leo. Tangu tufike mume wangu ndiye anayeendesha, leseni yangu ya New York ikaisha muda nikaiacha hivyohivyo. Sasa nimepata kazi ya mbali nimeenda BMV, ofisi ya leseni, kuomba leseni ya Ohio, wamekataa, wanasema New York imenizuia. Nikawauliza nadaiwa shilingi ngapi wakasema hawajui. Inakuwaje wananizuia kwa kitu wasichokijua? Nataka nilipe tu kwa intaneti yaishe. — Mama wa Columbus

Marahaba mwanangu. Usilipe kwanza. Weka hiyo kadi ya benki mezani tuongee.

Yule binti wa dirishani hakukudanganya, kweli hajui. Kuna daftari la taifa zima linaitwa National Driver Register, lipo tangu 1960, na linatunzwa na idara ya serikali kuu inayoshughulikia usalama barabarani, NHTSA. Humo hamna habari ya kosa lako wala dola unazodaiwa. Kuna jina, tarehe ya kuzaliwa, na mshale unaoonyesha jimbo gani lina neno na wewe. Kila ukiomba leseni mahali popote jimbo linaangalia daftari hilo, na mshale ukielekea New York basi Ohio inakwambia nenda kamalizane na New York halafu urudi. Kwa hiyo kugombana na BMV ni kupoteza asubuhi yako, hawana funguo.

Sasa kosa ambalo naliona kila siku ni watu kudhani tiketi ni bili, kama bili ya umeme, ukichelewa unalipa na ya kuchelewa, kwisha. Tiketi ni wito. Hakimu amekuita uje useme umekosa au hujakosa. Wewe hukusema lolote, na New York ukikaa kimya wanafungia haki yako ya kuendesha kwenye jimbo lao mpaka utakapojibu. Umeona? Hujafungiwa kwa sababu hukulipa, maana hata bei hukuwahi kupangiwa. Umefungiwa kwa kimya. Ndiyo maana miaka yote hii haikuisha yenyewe, bado wanasubiri jibu lako.

Na ndiyo maana nakwambia usilipe kwanza. Ukilipa umekiri kosa kama lilivyoandikwa, spidi yote ileile, na hukumu itaandikwa tarehe ya mwaka huu. Ohio imo kwenye makubaliano ya majimbo ya kupeana habari za hukumu, itaipata, na kampuni ya bima ikija kukupangia bei itaona hukumu mpya kabisa ya mtu anayeanza leo. Kwa kosa la 2015! Nimeona mtu kalipa dola zake usiku kwa simu akalala kwa raha, bima ikaja kumla mara tatu ya alichookoa.

Fanya hivi. Anza na DMV ya New York, ndiyo BMV yao, uliza jina lako limefungiwa kwa tiketi zipi, ngapi, na mahakama gani, maana unaweza kukuta ziko mbili, siku ile afande alikuandikia spidi na mkanda na wewe unakumbuka spidi tu. Wakikupa jina la mahakama, piga simu huko. Vimji vile vina mahakama ndogo, zingine zinakaa jioni moja moja, klaki yupo saa chache tu kwa wiki, na hakimu wa kijiji kule si lazima awe amesomea sheria, utakuta mchana ana shughuli zake nyingine kabisa. Kwa hiyo usikate tamaa simu isipopokelewa, acha ujumbe, tuma na barua. Muulize klaki maneno matatu: je, kuna waranti, yaani hati ya kunikamata? Je, nilishahukumiwa nikiwa sipo, au kesi bado iko wazi? Naweza kujibu kwa barua bila kuja?

Kesi ikiwa bado wazi, kana kosa kwa barua na omba kuzungumza na mwendesha mashtaka. Sehemu zile za New York nje ya jiji kubwa, kwa mtu ambaye hana rundo la makosa, ni kawaida kabisa mwendesha mashtaka kukubali spidi igeuzwe kuwa kosa la kuegesha gari vibaya. Unalipa faini lakini hamna pointi za makosa kwenye leseni, na kosa la kuegesha halina safari ya kwenda Ohio. Ingekuwa tiketi ya ndani ya Jiji la New York ningekwambia tofauti, kule kuna ofisi maalum ya makosa ya barabarani ambayo haibembelezeki, hakuna kupunguziana, ni kushinda au kushindwa.

Wengi wananiuliza, si afande keshastaafu? Inawezekana, na wakili akiishika kesi anaweza kuitumia hiyo. Ila usiende wewe na maneno ya "mmechelewa", kwa sababu aliyepotea miaka yote hiyo ni wewe na hakimu atakuuliza ulikuwa wapi.

Mkimalizana na mahakama utadaiwa na DMV ya New York dola 70 kwa kila tiketi uliyoikalia kimya, hiyo ni ada ya kufungua, haina mjadala. Faini yenyewe ikikulemea, tangu 29 Juni 2021 New York haimfungii mtu leseni kwa kushindwa kulipa, na una haki ya kulipa kidogokidogo, dola 25 kwa mwezi au asilimia 2 ya kipato chako baada ya makato, ile iliyo kubwa. Halafu omba karatasi ya kuthibitisha kwamba umefunguliwa, subiri siku chache kompyuta zao zisalimiane, ndipo urudi BMV. Karatasi hiyo itunze kama cheti cha ndoa. Usiitupe hata ukipata leseni, maana kompyuta zina tabia ya kusahau.

*

Mjomba, mbona watu wanasema tiketi inafutika baada ya miaka 7? Mimi yangu ina miaka 6 na miezi, nataka nivumilie tu. — Mvumilivu, Kentucky

Hiyo miaka 7 ni ya ripoti ya mikopo, ile sheria inayosema deni baya lisikae kwenye ripoti yako zaidi ya miaka 7. Mtu mmoja alisikia kanisani, akaihamishia kwenye tiketi, na tangu hapo inazunguka. Waranti ya hakimu haina siku ya kuzaliwa wala ya kufa, na leseni iliyofungiwa "mpaka atakapojibu" inabaki imefungiwa mpaka utakapojibu.

Mimi mwenyewe nilivumilia. Tiketi ya kupita stopu kwenye jimbo moja la katikati, sitalitaja, nikaiweka kwenye dashibodi ikafifia kwa jua mpaka maandishi yakaisha nikasema basi na kesi imeisha. Mwaka wa tisa nasimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua, jimbo jingine kabisa, afande anarudi dirishani ananiambia haki yako ya kuendesha imefungiwa, shuka. Gari likavutwa. Nilikuwa na watoto wawili nyuma na wali wa shughuli kwenye buti. Kesi ya taa ilikuwa onyo tu, lakini kuendesha ukiwa umefungiwa, kwenye majimbo mengi, ni kosa la jinai, si la barabarani tena, nikaenda kusimama mbele ya hakimu kwa kitu ambacho mwanzoni kingeisha kwa faini ya kawaida. Ukijumlisha kuvutwa gari, wakili, na ada za kufungua majimbo mawili, naona aibu kukwambia.

Na usifikirie kufilisika kutakusaidia, kufilisika kwa kawaida, ile Chapter 7, hakufuti faini za serikali.

*

Mjomba heshima yako. Shemeji yangu anabisha kwamba majimbo hayaongei, kwamba ukipata tiketi jimbo ambalo huishi chana tupa. Yeye ana za Michigan mbili na anadunda tu. Nani mkweli? — Wa Indiana

Shemeji ana ukweli robo, na robo ndiyo mbaya kuliko uongo mzima.

Kuna makubaliano mawili. La kwanza la kupeana habari za hukumu, Driver License Compact, ukihukumiwa huku kwenu wanaambiwa. La pili, la 1977, Nonresident Violator Compact, linasema mgeni akipewa tiketi ya kuendesha aachiwe aende zake bila kuweka dhamana, ila asipojibu jimbo lake litaarifiwa na litamfungia leseni ya nyumbani. Hili la pili lina majimbo 44 pamoja na Washington DC. Waliobaki nje ni Alaska, California, Michigan, Montana, Oregon na Wisconsin. Lile la kwanza nje wapo Georgia, Massachusetts, Michigan, Tennessee na Wisconsin. Michigan haimo kwenye lolote kati ya hayo mawili, ndiyo maana shemeji anadunda.

Anadunda kwa sasa. Kuwa nje ya makubaliano hakuwazuii kupeleka jina lake kwenye lile daftari la taifa nililomwambia Mama wa Columbus, na daftari hilo linasomwa na majimbo yote 50. Siku akiomba leseni mpya, au akihamia kwingine, mshale huo hapo. Mwambie anaweza kuandika barua kwa hao wa National Driver Register aulize kama jina lake limo, ni bure, anatakiwa tu barua iwe imesainiwa mbele ya nota, yule mthibitishaji wa saini. Kama anajiamini sana aandike tuone.

*

Za leo kaka. Mimi dereva wa lori, nina CDL, leseni ya magari makubwa ya kazi, ya Texas, kampuni iko Fort Worth. Miaka mitatu nyuma nikiwa na gari langu dogo nilipigwa tiketi Missouri, maili 17 juu. Sikujibu. Kampuni haijui. Juzi nimepata barua lakini sijaifungua vizuri naogopa. Nifanyeje? — Dereva

Ndugu yangu, fungua hiyo barua leo. Si kesho.

Nyie wenye CDL mna sheria zenu na hazijali ulikuwa na lori au na kigari cha mkeo. Ukihukumiwa kwa kosa lolote la barabarani isipokuwa la kuegesha, jimbo lolote, gari lolote, una siku 30 za kumwambia mwajiri wako kwa maandishi, na kama hukumu ni ya jimbo jingine uliza kama jimbo lako nalo linatakiwa kuambiwa. Na ukipata taarifa kwamba umefungiwa, siku 30 hazipo tena, unatakiwa umwambie mwajiri kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha. Ndiyo maana nasema fungua, maana kama barua inasema umefungiwa saa inahesabu tangu ulipoipokea, na "sikuisoma vizuri" haijawahi kumsaidia mtu. Mpaka ujue, usiguse usukani wa lori. Jimbo moja likishakufungia huruhusiwi kuendesha lori kokote, hata Texas kwenyewe, na siku ajali ikitokea, hata kama ni mwenzio kakugonga, wanasheria wa upande wa pili watalipata hilo ndani ya dakika tano.

Maili 17 nayo ina neno. Kuanzia maili 15 juu ya kiwango ni kosa kubwa kwa CDL. Ukiwa kwenye lori, makosa makubwa mawili ndani ya miaka 3 unakaa nje siku 60, matatu siku 120. Ukiwa kwenye gari dogo linahesabiwa pale hukumu yake inapokufungisha leseni. Kwa hiyo namna kesi hii itakavyoisha ni muhimu kuliko bei ya faini, na hapa sasa ndipo ninaposema tafuta wakili, wa Missouri, wa county ileile, si wa Texas. Kwa tiketi ya kawaida anaingia mahakamani kwa niaba yako na wewe unabaki nyumbani. Mwambie kwenye sentensi ya kwanza kabisa kwamba una CDL. Ule ujanja wa watu wa magari madogo, nenda darasa la udereva kosa lifichwe, kwako haupo, sheria ya serikali kuu inakataza jimbo kuficha kosa la mwenye CDL. Wakili asiyejua hilo atakuharibia huku anatabasamu.

Mwajiri mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa. Dispacha, wale wapanga safari, wengi nilioishi nao walikuwa wanasamehe tiketi, hakuna aliyesamehe kufichwa.

*

Shikamoo Mjomba. Mimi niliishi San Diego. 2016 nilipita taa nyekundu, nikaenda mahakamani nikakiri, nikapangiwa kulipa kidogokidogo, nikalipa miezi miwili kazi ikaisha tukahamia Des Moines. Deni lilipanda mpaka likafika karibu dola 800, sasa wananipigia kampuni ya kukusanya madeni. Nina watoto wanne, nasafisha hoteli, sina hizo hela. Nitafungwa? — Mama wa wanne

Marahaba mama. Kwa umaskini peke yake, hapana. Hilo lilishaamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani tangu 1971, kesi ya Tate v. Short. Ni mtu wa Houston, Texas, alikuwa na faini za barabarani dola 425, hana, wakampeleka akazitumikie jela kwa dola 5 kwa siku, siku 85. Mahakama ikasema huwezi kumgeuzia mtu faini kuwa kifungo kwa sababu tu hana kitu. Mwaka 1983 wakaongezea kwenye kesi nyingine kwamba hakimu lazima kwanza aulize: huyu amegoma kulipa au ameshindwa kulipa? Kwa hiyo kazi yako ni kuhakikisha hakimu anajua umeshindwa. Akae na karatasi zako za mshahara, za msaada wa chakula kama unapata, za kodi ya nyumba. Ukikaa kimya atadhani umegoma.

Sasa deni lenyewe, hapa nina habari nzuri kidogo. Taa nyekundu California inakaribia dola 500, na zamani ukichelewa walikuwa wanakubandika dola 300 juu. Naona ndiyo hizo zilizokufikisha karibu 800, ukitoa kile kidogo ulicholipa. Sheria ikabadilika, kuanzia 1 Julai 2022 hiyo nyongeza haizidi dola 100, na zile za zamani zilizobandikwa kabla ya tarehe hiyo hawaruhusiwi tena kuzidai. Huyo anayekupigia simu muulize taratibu: katika hizi, ngapi ni ile nyongeza ya kuchelewa ya kabla ya Julai 2022? Omba akuandikie. Halafu usimlipe chochote kwa simu, piga mahakama yenyewe, uliza kesi iko kwa nani.

La pili, mahakama za California zina mfumo wa intaneti unaitwa MyCitations, wa kuomba upunguziwe kwa sababu ya kipato. Unajaza kipato chako na idadi ya watu unaowalisha, unapandisha karatasi, hakimu anaamua bila wewe kusafiri. Mtu wa kipato cha chini mara nyingi anapunguziwa nusu au zaidi, na anaweza kupewa muda, au kazi za jamii badala ya hela. Unaweza kuomba wakati wowote kabla deni halijaisha kulipwa, usidanganywe kwamba umechelewa.

Leseni yako ya Iowa usiipotezee usingizi kwa deni hili. California ilishaacha mwaka 2017 kumfungia mtu kwa kutolipa faini, na kama nilivyosema kwa yule wa Indiana haimo kwenye yale makubaliano ya 1977. Kinachobaki ni deni tu, ila California inajua kudai, ukirudi kufanya kazi kule wanaweza kukata kwenye kodi yako ya kurudishiwa. Bora uimalize ukiwa unaongea nao vizuri.

*

Mjomba mimi nina green card, mwakani naomba uraia. Kuna tiketi Georgia ya 2018, sikwenda kortini, rafiki yangu ananiambia lazima kuna waranti. Naogopa hata kupiga simu. Wakiona namba si watanifuata? — Sitaji jimbo

Klaki wa mahakama hana pingu. Anapokea simu za namna hiyo kuanzia asubuhi mpaka jioni na hakuna anayekimbilia gari la polisi kwa sababu umeuliza. Lakini kwa wewe, kwa sababu ya hiyo green card, mimi ningempa wakili simu hiyo aipige. Atauliza kama waranti ipo, na kama ipo ataomba hakimu aifute na kukupangia tarehe mpya. Hilo ni jambo la kila siku kwao. Usiende mwenyewe dirishani Georgia na mkoba wako kabla hujajua waranti ipo au haipo. Na kabla ya kukiri lolote ongea pia na wakili wa uhamiaji, akwambie wewe na wakili wa tiketi mnakwendaje, maana kuna makosa yanayoitwa ya barabarani lakini ni ya jinai, kuendesha umelewa, au mfano Virginia ukizidi maili 85 kwa saa, huko hiyo si tiketi bali ni kesi ya jinai.

Fomu ya uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa au kupewa tiketi. Usiandike hapana. Kwa tiketi za barabarani ambazo hukukamatwa, hakukuwa na pombe wala madawa, na faini ilikuwa chini ya dola 500, maelekezo yao yanasema huna haja ya kuambatanisha karatasi, lakini kutaja unataja. Watu wanaumia zaidi kwa kuficha tiketi ya dola 150 kuliko kwa tiketi yenyewe. Na afisa akikuta kesi bado iko wazi, atakuuliza mbona hukwenda, na jibu zuri ni karatasi ya mahakama yenye mhuri kwamba imeisha. Una mwaka mzima, anza sasa.

Siku ya mahakama, kama itafika, omba mkalimani wa Kiswahili wiki kadhaa kabla. Mahakama nyingi zinatoa bila malipo. Tafadhali usimpeleke mwanao wa darasa la saba akutafsirie neno "waranti".

*

Anko, za kuegesha je? Nina mbili za Chicago na nilishahama. — Kijana wa Arizona

Hizo haziko kwenye makubaliano ya majimbo, na Illinois yenyewe tangu Julai 2020 haimfungii mtu leseni kwa tiketi za kuegesha. Ila usirudi Chicago na gari hilohilo. Tiketi mbili zilizopita mwaka mmoja zinatosha kufungwa chuma cha gurudumu, na ukikuta chuma siku ya harusi ya binamu yako utanikumbuka. Lipa, au ongea nao wakugawie.

*

Mjomba nimepata meseji sasa hivi, "DMV notisi ya mwisho, una tiketi ya zamani haijalipwa, lipa leo dola 6.99 la sivyo leseni inafungiwa," na linki. Mimi nilikuwa na tiketi kweli zamani. Nilipe? — Haraka tafadhali

Hapana. Dola 6.99 hazijawahi kumaliza tiketi ya mtu Marekani hii. FBI walianza kuonya tangu Aprili 2024 kuhusu meseji kama hizi za madeni ya barabara za kulipia, sasa matapeli wamegeukia jina la DMV. Wanachotaka ni namba ya kadi yako. Usibonyeze, futa. Ile tiketi yako ya kweli iulizie kwa simu ya mahakama uliyoitafuta mwenyewe, na kama ulishabonyeza na kuandika namba, piga benki sasa hivi wafunge kadi, halafu ndio umalizie kunisoma.